Fundo Juu ya Mabano

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima vya Kimulot, Chemutai alijifunga karatasi ya plastiki kiunoni ili umande usimloweshe, akatupa kapu mgongoni na kuingia kwenye chai ya mama yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila Jumamosi. Alichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili ikienda yenyewe na mawazo yakienda kwingine. Asubuhi hiyo mawazo yake yalikuwa kwenye logi, zile logarithi za somo la hesabu, na logi zilikuwa zimemshinda.

Chemutai alikuwa kidato cha tatu, na tangu kidato cha kwanza hakuna aliyewahi kumtoa kwenye nafasi ya kwanza katika hesabu. Jambo hilo alilijua vizuri, na alihakikisha wengine pia wanalijua. Sasa Mwalimu Bilhah alikuwa amewafundisha kupanua na kukunja logi, darasa zima likatikisa vichwa kukubali, naye akatikisa chake ilhali hakuelewa. Mwanzo wake haukuwa mgumu. Kumi mara kumi ni mia, zimetumika kumi mbili, kwa hivyo logi ya mia ni mbili. Kumi mara kumi mara kumi ni elfu, kwa hivyo logi ya elfu ni tatu. Lakini mwalimu alipojaza mabano kwa x na y, akasema kwamba logi moja ndefu inaweza kupanuliwa ikawa logi kadhaa fupi, kisha hizo fupi zikakunjwa tena zikawa moja, Chemutai aliachwa nyuma. Kuinua mkono aulize hakuweza. Mtu wa kwanza haulizi, ndivyo alivyojidanganya, na uongo mtamu kama huo haukosi msikilizaji.

Chai ya mama yake ilipakana na chai ya Obure. Kati ya mashamba hayo mawili palikuwa na ua wa michongoma, mrefu kuliko mtu, na ua huo haukuwepo zamani. Zamani familia hizo mbili zilikuwa zikichanganya majani. Msimu wa jua, chai inapopungua na kapu la mtu mmoja likawa halijazi hata nusu ya gunia, zilimimina majani yao katika gunia moja na kulipeleka kituo cha chai kwa zamu, leo kwa namba ya usajili ya Obure, kesho kwa ile ya mama yake Chemutai. Majirani wengi hufanya hivyo na hakuna anayeumia. Kisha siku moja karani wa kituo alimwaga gunia lao juu ya meza, akakuta majani magumu yaliyokomaa yamejaa tele, akalikataa lote. Obure alisema majani yale mabaya yalitoka upande wa akina Chemutai. Lenah, mama yake Chemutai, alisema yalitoka upande wa Obure. Nani angejua? Majani yalikuwa yameshamiminwa. Walitukanana pale kituoni mbele ya watu, na wiki hiyohiyo Obure akapanda ua. Tangu hapo hawakupeana hata salamu ya chamgei, na watoto nao walirithi ugomvi huo.

Ndiyo maana Chemutai alikunja uso aliposikia sauti ya Bonareri, binti yake Obure, upande wa pili wa michongoma. Bonareri alikuwa darasa moja naye. Katika hesabu alikuwa wa katikati tu, si wa kusifiwa wala wa kuchekwa. Alikuwa akichuma na mdogo wake Bosire, wa kidato cha pili, kijana mwenye maswali yasiyokwisha, na alikuwa akimweleza jambo kwa sauti ya mtu asiyejua kwamba anasikilizwa.

"Logi ni gunia," Bonareri alisema. "Mabano ndio mdomo wake. Kwanza unachora fundo ndogo juu ya mabano, ndio ujue gunia imefungwa. Ukitaka kupanua, unakata hiyo fundo. Vitu zenye zilikuwa zimezidishwa zinatoka moja moja, kila moja na logi yake, na katikati unaweka plasi. Zenye zilikuwa zimegawanywa, unaweka mainasi."

"Na hiyo namba ndogo ya juu?" Bosire aliuliza.

"Kipeo? Hiyo ni mtoto amebebwa mgongoni. Gunia ikifunguliwa anashuka, anatembea mbele ya logi."

"Na kukunja?"

"Unarudi vile ulikuja. Mtoto anapanda mgongoni, plasi inakuwa kuzidisha, mainasi inakuwa kugawanya, unafunga fundo."

Mikono ya Chemutai ilikuwa imesimama. Alikuwa ameshika chipukizi moja asilichume wala asiliachilie, kapu likimning'inia mgongoni, masikio yote yakiwa kwenye ua. Kile ambacho vitabu viwili na mwalimu mmoja hawakuweza kumwingiza kichwani kilikuwa kimeingia chenyewe kupitia michongoma. Na kilitoka kwa Bonareri, kati ya watu wote duniani. Hilo ndilo lililomuuma. Alisonga mbele taratibu ili hatua zake zisisikike, akamaliza mstari wake, na jioni alipojaribu zoezi la mwalimu kwa njia ya gunia, kila jibu lilikubali. Alichora fundo, akalikata, akapanua. Alifunga fundo, akakunja. Alifurahi, kisha akakasirika kwamba amefurahi.

Mtihani ulikuja wiki iliyofuata. Mwalimu Bilhah alitangaza kwamba atakayeongoza ndiye atakayewakilisha shule kwenye shindano la hesabu kule Kabianga, na macho ya darasa zima yakamgeukia Chemutai kana kwamba jambo limekwisha. Aliketi dawati lake la mbele kando ya dirisha. Bonareri aliketi upande wake wa kulia, njia nyembamba tu ikiwatenganisha. Hawakutazamana. Hakuna aliyemchungulia mwenzake, na hilo ni kweli tupu.

Mwalimu Bilhah alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyepandisha sauti kamwe, na kwa sababu hiyo alipochukia darasa lilikosa pa kujificha. Aliporudisha karatasi za mtihani alizigawa zote isipokuwa mbili. Hizo mbili alizibandika ubaoni, bega kwa bega, akasogea pembeni ili watu waone.

Swali la nne lilisema wapanue logi ya x² (y + 3). Karatasi zote mbili zilikuwa na jibu moja: 2 logi x + logi y + logi 3. Jibu hilo lilikuwa limekosea. Lakini si kosa lililomkasirisha mwalimu, kwani nusu ya darasa ilikuwa imekosea kwa namna yake. Juu ya kila mabano, katika karatasi zote mbili, palikuwa na alama ndogo ya fundo iliyokatwa kwa mstari.

"Kosa moja nalielewa," Mwalimu Bilhah alisema. "Alama hii sikufundisha mimi, na haiko kwenye kitabu. Vichwa viwili haviwezi kuiota usiku mmoja. Mmoja wenu ameichora na mwingine ameiiba."

Alimtazama Chemutai, kisha Bonareri, na macho yake yalikaa zaidi kwa Bonareri. Darasa nalo lilifuata macho ya mwalimu. Nyuma mtu alisonya.

Bonareri alisimama bila kuitwa. Alisema njia ile ni yake, ameitunga akiwa shambani, na kwamba hakumtazama mtu. Alisema haraka mno, kwa hasira, na wanaojitetea kwa hasira huonekana wana hatia hata wakiwa hawana. Mwalimu alimwambia aketi. Kisha akamgeukia Chemutai na kumuuliza alama ile ameitoa wapi.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Maneno machache tu yangetosha: nimeisikia kwa Bonareri. Lakini kuyasema kungekuwa kukiri mbele ya darasa zima kwamba wa kwanza alishindwa, tena akajificha nyuma ya ua kunyonya akili ya wa katikati, binti wa mtu aliyewatukana kituoni. Ulimi wa Chemutai ulikuwa mzito kwa hayo. Kwa mengine ulikuwa mwepesi.

"Ni njia yangu, mwalimu," alisema.

Mwalimu Bilhah aliondoa karatasi ubaoni. Alisema Bonareri aje na mzazi siku ya Alhamisi, na kwamba mwalimu mkuu ameshaarifiwa. Anayeiba katika mtihani hupelekwa nyumbani wiki mbili, na jina lake huandikwa mahali ambapo halifutwi.

Mapumziko yalipofika, Bonareri alimngojea Chemutai kwenye mfereji wa maji. Wenzao walikuwa wamegawanyika tayari, wengine wakimteta huyu, wengine wakimcheka yule, na hakuna aliyetaka kukosa kitakachosemwa.

"Ulichungulia karatasi yangu," Bonareri alisema.

"Mimi nichungulie wewe? Ndio nipate nini?"

"Hiyo fundo ulitoa wapi?"

"Sijakopi mtu." Chemutai alijibu hivyo akiwa amemkazia macho, kwa maana hilo angeweza hata kuliapia.

Bonareri alisogea karibu. Alikuwa na macho mekundu lakini hakulia. "Uko na roho mbaya kama mama yako," alisema, akafungua mfereji, akanawa uso na kwenda zake.

Neno hilo lilimpa Chemutai nafuu kubwa kuliko alivyotarajia. Sasa alikuwa na sababu ya kumchukia Bonareri, na chuki ni kitu kizuri cha kufunikia aibu. Alirudi darasani na kichwa juu.

Nyumbani mama yake alikuwa ameshapata habari, kwa kuwa Kimulot habari hufika kabla ya mtu. Lenah alikuwa akikamua ng'ombe, na alicheka akiwa amekiegemeza kichwa chake ubavuni mwa ng'ombe. Alisema hakushangaa hata kidogo. Walimharibia gunia, sasa wanataka kumharibia mtoto. Alisema Alhamisi ataenda shuleni yeye mwenyewe, aitwe asiitwe, amwone Obure akiinamisha kichwa mbele ya watu.

"Mama," Chemutai alianza.

"Nini?"

"Labda hakukopi."

Lenah aliacha kukamua. Alimwangalia binti yake kama mtu aliyeona nzi kwenye maziwa. "Usiniletee hiyo," alisema. "Watu wa upande ule nawajua mimi."

Chemutai akafyata ulimi. Usiku hakula vizuri, na asubuhi alipomwona Bonareri akipita barabarani peke yake, bila hata Bosire, alipunguza mwendo ili wasifike shuleni pamoja. Darasani ilikuwa hivyohivyo. Wasichana waliokuwa wakiketi na Bonareri walikuwa wamehama. Mtu alikuwa amechora fundo kubwa kwa chaki juu ya dawati lake, na chini yake ameandika neno mwizi. Bonareri alilifuta kwa kiganja, akaketi, akafungua kitabu. Chemutai alitaka kucheka pamoja na wengine, akajaribu, kicheko hakikutoka.

Alhamisi Obure alikuja moja kwa moja kutoka shambani, na buti zake za mpira zilikuwa na udongo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, na alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu mpaka alipoambiwa mara mbili aketi. Lenah alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kuketi katikati ya benchi, mkoba magotini, hivi kwamba Obure alilazimika kutafuta kiti kingine. Chemutai na Bonareri walisimama ukutani, kila mmoja upande wake. Mwalimu Bilhah alikuwa mezani na karatasi zile mbili.

Alieleza kisa chote polepole. Alimwambia Bonareri kwamba akikubali kosa, adhabu itapungua. Bonareri alisema hawezi kukubali kosa ambalo hakulifanya. Lenah akacheka kwa puani.

"Bonareri," Obure alisema, "sema ukweli, tuende nyumbani."

"Nimesema, Baba."

"Mwalimu amesoma. Mwalimu hawezi kukosea bure."

"Basi amekosea."

Obure alijipangusa uso kwa kiganja. Ilionekana wazi kwamba hakumwamini binti yake, na pia kwamba kutomwamini kulikuwa kunamuumiza. Alisema mbele ya wote kwamba hana nguvu ya kulipeleka shuleni jina lililochafuka. Kama mtoto wake ni mwizi, hizo wiki mbili ziwe za daima. Atabaki nyumbani achume majani, chai haina mtihani.

Bonareri alimgeukia baba yake. Alifunga mdomo, na taya lake likaanza kutetemeka.

Chemutai alikuwa amengoja siku zote mtu amuulize tena. Alikuwa amejiambia kwamba akiulizwa mara ya pili atasema. Sasa aliona kwamba hakuna atakayemuuliza. Kila kitu kilichokuwa kikitokea chumbani mle, buti za Obure, kicheko cha mama yake, taya la Bonareri, kilikuwa kimeegemea maneno yake matatu, na wote walikuwa wameshayapokea wakaendelea mbele. Hakumpenda Bonareri hata wakati huo. Lakini aliona jinsi mtu anavyoondolewa shule kwa sababu yake, akasogea kutoka ukutani.

"Fundo ni yake," alisema.

Mwalimu Bilhah aliinua uso. "Umesema nini?"

"Hiyo njia ni ya Bonareri, mwalimu. Hakukopi. Mimi nilimsikia akifundisha Bosire kwa shamba. Nilikuwa upande ile ingine ya ua."

"Nyamaza, Chemutai," mama yake alisema.

"Mama, sijamaliza." Alimgeukia mwalimu. "Logi sikuelewa. Niliona aibu kuuliza. Ukaniuliza nimetoa wapi, nikasema ni yangu. Nilidanganya."

Lenah alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Bonareri alikuwa amemgeukia Chemutai, na uso wake haukuwa na shukrani yoyote. Ulikuwa na hasira mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa sasa alijua.

Mwalimu Bilhah hakuwa mtu wa kupokea maneno matupu, yawe ya uongo au ya kweli. Alichukua chaki na kumpa Chemutai, akamwambia apanue swali la nne kwenye ubao mdogo wa chumba cha walimu, aeleze kila hatua. Chemutai alichora fundo, akalikata. Akasema x imebeba mtoto, mtoto anashuka, basi 2 logi x. Kisha y na 3 zinatoka, kila moja na logi yake.

"Kwa nini zinatoka?" mwalimu aliuliza.

"Kwa sababu gunia imefunguliwa."

"Haya, mbili logi x iache kando. Kunja hizo mbili za mwisho. Rudisha ndani logi y na logi 3."

Chemutai alizikunja kama alivyosikia kwenye ua: plasi inakuwa kuzidisha. Akaandika logi 3y.

"Sasa y iwe saba," Mwalimu Bilhah alisema. "Kabla hujafungua gunia, mlikuwa na saba ongeza tatu. Ngapi?"

"Kumi."

"Na sasa umefunga tena. Tatu mara saba?"

"Ishirini na moja."

"Gunia la kumi limefunguliwa, likafungwa, likawa la ishirini na moja. Hayo majani mengine yametoka wapi?"

Chemutai alitazama ubao. Alikuwa amechukua kile kilichopita kwenye ua, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Mwalimu alimwondolea chaki na kumpa Bonareri, akamwambia kwamba mwenye njia ndiye ajuaye inapovunjika.

Bonareri alipitia kila mstari ubaoni kwa macho. Alikunja uso. Kisha alimtazama baba yake, akamtazama Lenah, na kitu kikamjia.

"Nilikosea mimi pia," alisema taratibu. "Vitu zenye zimezidishwa ni kama vifurushi ndani ya gunia. Kila moja iko na kamba yake, unaweza kuitoa peke yake. Lakini y ongeza tatu si vifurushi. Hayo ni majani ya watu wawili yamemiminwa pamoja. Hata ukifungua gunia huwezi kusema hii ni ya nani na hii ni ya nani. Lazima yabaki pamoja."

Akaandika: 2 logi x + logi (y + 3).

Obure alikuwa akitazama sakafu. Lenah alikuwa akitazama ubao, ingawa hesabu zile hakuzijua, na rangi ya shingo yake ilikuwa imebadilika. Gunia alilokuwa akilitaja kila wiki kwa miaka mingi lilikuwa limewekwa mbele yake na mtoto wa Obure, na mtoto huyo hakuwa amesema limeharibiwa na nani. Alikuwa amesema tu kwamba haiwezekani kujua.

"Kwa hivyo hata karani hangeweza kujua," Obure alisema hatimaye, bila kumtazama mtu.

"Hakuna mwenye angejua," Lenah alijibu kwa shingo upande. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu siku ya kituoni, na hawakuongeza mengine. Lenah aliinuka, akamwambia mwalimu kwamba atangoja nje. Mlangoni alisimama kidogo kana kwamba amesahau kitu, kisha akatoka.

Mwalimu Bilhah alifunga karatasi zile katika faili. Alimwomba Obure msamaha, na alipomgeukia Bonareri hakuzunguka mbuyu. Alisema alitazama nafasi ya mtu darasani badala ya kutazama kazi yake, na kwamba kesho atalisema hilo mahali alipomwaibisha. Kisha akamwambia Chemutai kwamba wiki mbili zile ni zake sasa, zitaanza Jumatatu, na Kabianga hatakwenda. Aliyeongoza mtihani bila kusema uongo, mvulana mmoja aitwaye Antony, ndiye atakwenda.

Wakitoka nje, Chemutai alimsogelea Bonareri na kuanza kusema samahani. Bonareri alimkatiza.

"Usiniambie mimi hapa, hakuna mtu anasikia," alisema. "Uliniita mwizi mbele ya darasa. Kaniambie huko."

"Sikukuita mwizi."

"Ulinyamaza wakiniita. Ni sawa tu."

Siku iliyofuata kipindi cha hesabu kilikuwa cha kwanza. Mwalimu Bilhah alisimama mbele, akaeleza kosa lake kwa ufupi kama alivyoahidi, na wanafunzi wakatazamana kwa maana hawakuwa wamewahi kumsikia mwalimu akifanya hivyo. Kisha akaketi nyuma na kumwachia Chemutai ubao.

Chemutai alikuwa amesimama mbele ya darasa hilo mara nyingi, kila mara kupokea makofi. Sasa alisimama kukiri. Aliyasema yote. Alisema hakuelewa logi tangu siku ya kwanza. Alisema alisikiliza nyuma ya ua akaichukua njia ya mwenzake, na alipoulizwa alisema ni yake. Alisema alimwona Bonareri akilifuta neno mwizi kwa mkono na bado akanyamaza. Nyuma mtu alisonya, usonyaji uleule wa siku karatasi zilipobandikwa, ila safari hii ulielekezwa kwake. Mwingine akauliza kwa kejeli kama hata nafasi zile za kwanza alizisikia nyuma ya ua. Darasa likacheka. Mwalimu hakuwanyamazisha, na Chemutai alingoja kicheko kiishe, akamalizia.

"Samahani, Bonareri," alisema.

Mwalimu Bilhah alikuja mbele. Alisema anataka wasikie jambo moja kabla hajafungua kitabu.

"Kutoelewa si kosa," alisema. "Ndiyo maana mimi niko hapa. Kusikia njia ya mwenzako na kuitumia pia si kosa, elimu yote tumeisikia kwa mtu. Kosa ni kuichukua na kuficha jina la mwenyewe. Chemutai angeinua mkono siku ya kwanza, kicheko kingekuwa cha dakika moja. Alinyamaza, na mtu mwingine karibu apoteze shule. Ukweli ukiuchelewesha hauondoki, unaongezeka tu, na wa kuubeba si wewe peke yako. Aliyekwama leo ainue mkono leo."

Alisubiri. Kisha mkono mmoja ukainuka upande wa dirisha, mwingine nyuma, halafu mitatu kwa pamoja, mpaka ikaonekana wazi kwamba nusu ya wale waliotikisa vichwa siku ile ya kwanza hawakuwa wameelewa chochote. Mwalimu Bilhah alizitazama nyuso zao, akapumua, na kumwita Bonareri aje aeleze.

Bonareri alipita kando ya Chemutai kuelekea ubaoni. Alisimama, na watu wakadhani labda watapeana mikono.

"Sijakusamehe," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Lakini umesema mbele yao." Bonareri alichukua chaki. "Nenda ukae. Na kama huelewi mahali, uliza."

Chemutai aliketi. Bonareri alichora gunia kubwa ubaoni, akaanza na vifurushi vyenye kamba, na hakuwa amefika mbali wakati Chemutai, uso ukimwaka moto mbele ya darasa zima, alipoinua mkono.